Mashine Tatu na Uso wa Kahaso

Jumatano, 2 Aprili 2025

Masika yameanza leo na printa yangu imekufa leo. Sipendi kuyaunganisha mambo hayo mawili, lakini yalifuatana kwa nusu saa. Ilitapika wino mweusi juu ya picha za pasipoti za mwalimu mmoja, ikalia mara tatu, ikazima. Miaka saba imenilisha mimi na watoto, kuanzia Cindy wangu wa kwanza. Niliifunika kwa leso, kisha nikaona ninajitia wazimu, nikaifunua.

Kioko, mume wangu, alipiga simu kutoka Mtito Andei, yuko njiani na lori. Nikamweleza. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Mtito. Hapa Magongo, studio ya picha isiyo na printa ni chumba chenye viti viwili na pazia.

Nimeanza daftari hili ili nichague mashine mpya kwa akili. Ile iliyokufa niliichagua kwa sababu rangi yake ya kijivu ilifanana na meza. Safari hii nitaandika kila ninachokiona kabla sijatoa hela, kwa maana uwezo wangu ni wa mashine moja tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Wateja wawili, wote walikuja kujikinga.

Jumamosi, 5 Aprili

Wamekuja wazee wawili kutoka Mikindani. Mume anaitwa Thoya, aliendesha kreni bandarini hadi alipostaafu. Mke ni Kahaso. Mzee alijigonga na kigoda kilichokuwa wazi kabisa kando ya mlango, mkewe akamshika kiko cha mkono kama mtu aliyezoea.

"Shikamooni," nikawaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nataka umpige picha mama huyu. Kubwa. Nitaitundika ukutani, mbele ya kiti changu."

Nikauliza ni ya sherehe gani, nijue pazia la nyuma liwe la rangi gani.

"Hakuna sherehe. Macho yangu yanaondoka."

Akanieleza taratibu, bila kujihurumia. Ni presha ya macho. Daktari amemwambia kilichokwisha kuondoka hakirudi, dawa zinachelewesha tu. Kando hana kitu tena, kulia wala kushoto, ndiyo sababu ya kujigonga. Katikati bado anaona vizuri, lakini hata katikati zamu yake itafika, labda mwaka huu, labda baadaye kidogo.

"Nataka nimtazame sana kabla ya hapo," akasema.

"Lakini si uko naye nyumbani, mzee?"

"Huyu? Huyu ukimtazama anainuka. Miaka arobaini na mmoja, nikimkazia macho tu, anakumbuka sufuria jikoni. Nataka Kahaso ambaye hatainuka."

Kahaso akacheka chini kwa chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. "Mtu mzima anatazamwa nini?" akasema.

Nilimpiga picha kumi na moja. Kumi zilikuwa za mtu anayesubiri kung'olewa jino. Katika ya tisa Thoya alikohoa pale nyuma yangu, Kahaso akamgeukia kuona kama yuko salama, nami nikabonyeza. Ndiyo hiyo. Sijapiga picha nzuri kama hiyo tangu mwaka uanze, na nalisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema.

Nimewaahidi ndani ya wiki moja, nikijua sina printa. Njaa hiyo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Ukuta wa nyuma umeanza kutoka jasho.

Alhamisi, 10 Aprili

Jirani yangu Brandon ana duka la kompyuta na fotokopi, na ana printa ya leza. Amekaa Magongo miaka kumi na mitano na bado anaongea kana kwamba ameshuka basi la Nairobi asubuhi hii.

"Mathe, laser ndiyo mambo yote. Inatoka ikiwa kavu, mvua haiwezi guza."

Kuhusu mvua alisema kweli. Mashine hii haitumii wino, inatumia unga wa rangi unaoivishwa juu ya karatasi kwa moto. Tulichapa picha ya Kahaso, tukaimwagia maji ya kunywa, tukaipangusa, haikuvuja hata tone. Nikaanza kuipenda kabla sijaitazama. Nilipoitazama, shavu la Kahaso lilikuwa na mng'ao wa sahani ya plastiki. Lakini ni kubwa, ni imara, na mzee mwenyewe haoni vizuri. Niliandika sentensi hiyo ya mwisho kwa mkono wangu na siifuti.

Jumamosi, 12 Aprili

Thoya ameishika picha kwa mikono miwili, akainyoosha mbali na uso, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, ipite mahali anapoona. Ilichukua muda. Kahaso aliangalia barabarani.

"Si yeye," akasema.

Nikamweleza habari za unga na moto. Nikamwambia leza si mashine ya nyuso, ni ya barua na risiti, nitatafuta nyingine. Akanishukuru. Wakaondoka na mwavuli mmoja.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani palivuja juu ya kwaya, wakaimba hivyo hivyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Clifford ni muuza mashine kutoka mjini. Shati lake lina mistari ya pasi hata siku ya mafuriko. Amekubali kuniachia mashine mbili nizijaribu, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa Mei, kisha nichukue moja. Ya kwanza ni ya riboni.

Hii ni tamu kuitazama. Ndani mna riboni yenye rangi zilizopangwa kwa zamu. Joto linayeyusha rangi iingie kwenye karatasi. Picha inatoka ya njano tupu, inarudi ndani, inatoka na wekundu, inarudi, inatoka na buluu, na hapo mtu amekwisha kuonekana. Mara ya nne inavishwa utando mwembamba wa kuikinga. Sekunde chache, na ni kavu kama biskuti. Watu wa kituo cha bodaboda walikuja kutazama wakasahau abiria.

Kwa unyevu huu wa Magongo, Clifford anasema, mashine ni hii. Haina wino wa kukauka wala wa kuchuruzika. Nami naamini. Kasoro yake ni ukubwa: haivuki daftari la shule. Picha ya Thoya itabidi iwe ndogo, lakini akiiweka karibu itatosha.

Jumanne, 29 Aprili

"Si yeye," akasema Thoya.

Nikamuuliza ni nini hasa, mzee, pua, macho, nini?

"Pua ni yake. Macho ni yake. Kila kitu ni chake," akasema, "lakini si yeye."

Kahaso aliitazama begani mwake. "Mimi naona nimependeza," akasema kwa upole. "Tuchukue hii, baba. Tusimsumbue Mama Cindy."

"Umependeza," mzee akakubali. "Lakini sikuja kutafuta mwanamke aliyependeza. Nilikuja kutafuta wewe."

Kahaso akainuka mara moja, akaenda mlangoni kuangalia kama mvua imekatika. Haikuwa imekatika.

Nilimpenda mzee kwa neno hilo, na papo hapo nikamchukia kidogo, kwa sababu ni mteja wa pekee aliyewahi kunirudishia kazi mara mbili.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi.

Jumatano, 7 Mei

Clifford ameleta mashine ya pili, ya wino, na ile ya riboni ameiacha kwanza. Si wino wa maji kama ule wa marehemu printa yangu. Huu una chembe za rangi ndani yake, na vikasha vyake ni vinane badala ya vinne, kuna hadi weusi wa aina mbili na kijivu. Inanyunyiza matone madogo yasiyoonekana kwa jicho. Ni polepole. Karatasi moja kubwa ilichukua muda wa kupika chai na kuinywa.

Na ni laini. Niliinamia picha kwa kioo cha kukuzia na sikuona doa wala mstari.

Lakini masika na wino hawapatani. Nilizipanga picha tatu moja juu ya nyingine, nikaenda kununua unga, niliporudi zilikuwa zimeshikana. Nikazibandua na nyuso zikabaki mgongoni mwa picha za juu yake. Nikafunga kamba toka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda, nikaanika picha kwa vibanio vya nguo na kuwasha feni. Siku nzima, ndipo zikakauka. Brandon akachungulia.

"Mathe, siku hizi ni dobi?"

Nikamwambia aniache.

Hesabu yangu ya akili inasema riboni. Kila mtu mwenye akili angesema riboni.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimemkosea adabu mtu mzima, na nitaliandika lote.

Thoya alikuja na Kahaso saa nne asubuhi. Njia yake imezidi kuwa nyembamba. Anasema ni kama kuchungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linabanwa. Aliingia akipapasa ukuta. Nikampa picha ya wino, kubwa, futi moja na nusu, niliyoikausha siku mbili na kuikata kingo kwa mkono. Nilikuwa nimeiwekea hata fremu.

Akaisogeza kushoto. Akaisogeza kulia.

"Karatasi nzuri," akasema. "Kazi safi kabisa, mwanangu. Lakini si yeye."

Mara ya tatu. Mashine tatu, karatasi za aina nne, mwezi mzima na siku tano.

"Mzee, pengine si picha," nikasema. "Pengine ni macho."

Kahaso aliinamisha kichwa, akawa anakunja ncha ya leso na kuikunjua. Thoya hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinyoosha mkono juu ya meza, akapapasa, akashika kikasha cha wino. Akakisogeza mbele ya jicho lake la kushoto.

"Mwisho wa kutumia," akasoma, "Novemba mwaka kesho."

Maandishi hayo hata mimi huyasoma kwa miwani. Akakirudisha kikasha mahali pake, akasimama kuondoka. Mlangoni akageuka, kwa heshima tu, kama mtu anayetaka kumaliza mazungumzo kwa wema.

"Na yule mdogo wako wa pale ukutani, siku hizi yuko wapi?"

Nikamwambia sina mdogo wa kike.

"Basi niwie radhi," akasema, wakatoka.

Picha ya ukutani ni yangu mimi. Niliipiga mwaka jana, nikaitundika juu ya kioo cha wateja ili waone kazi yangu. Niliposhusha mlango nilikuwa ninacheka peke yangu, kwamba ushahidi nimeupata: mzee haoni, anasoma tu kwa bahati. Nitampigia Clifford Jumatatu, nichukue ile ya riboni, yaishe.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada nilipitia studio kuchukua mwavuli niliousahau. Nikasimama kwenye kioo cha wateja kufunga kitambaa vizuri, na juu ya kioo ni ile picha yangu. Nimezitazama sura hizo mbili kila siku mwaka mzima, lakini sikuwahi kuzitazama pamoja.

Chini, kiooni, yuko Mwende, yaani mimi, mweusi kama mama yake, na kovu la tetekuwanga kwenye paji. Juu yuko mwanamke wa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Anafanana nami. Kama ningemkuta sokoni ningemuuliza ni wa ukoo gani. Thoya alikuwa ameona sawasawa: ni mdogo wangu ambaye hakuzaliwa.

Niliwasha kompyuta nikiwa bado na Biblia kwapani. Nikaitafuta picha ya Kahaso jinsi ilivyotoka kwenye kamera, kabla kompyuta haijaigusa, kwa sababu kompyuta yangu huzigusa picha zote zinapoingia. Mimi ndiye niliyeipanga ifanye hivyo. Ni hatua moja ndogo, inang'arisha ngozi na kuilainisha, tena inajifanya yenyewe. Niliiweka miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya bibi harusi mmoja kusimama hapa hapa akilia kwamba nimemtoa mweusi mbele ya wakwe. Niliona nitapoteza kazi. Nikaiweka, na toka siku hiyo hakuna aliyelia. Wateja wakawa wanasema nina mkono mzuri. Nikasahau kwamba hatua hiyo ipo. Kumbe nyani haoni kundule.

Kwa hiyo kila mashine niliyoilaumu nilikuwa nimeipa uso uliokwisha kupaushwa. Leza, riboni, wino, zote zilichapa kwa uaminifu kitu nilichozipa. Nikalaumu unga, nikalaumu ukubwa, nikalaumu masika, na zilipokwisha lawama nikalaumu macho ya mgonjwa.

Nilikaa hapo nikihesabu si pesa bali watu. Maharusi. Watoto wa ubatizo. Darasa zima la nane, mwaka baada ya mwaka. Marehemu ambao picha ya pekee waliyoiacha ni ile niliyoipiga mimi, na wajukuu wao watakua wakidhani bibi alikuwa mweupe. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nimeizima ile hatua. Mkono ulisita kidogo, sitasema uongo, nikafikiria wateja wa Desemba. Kisha nikaizima.

Jumanne, 13 Mei

Jaribio la kweli limefanyika leo, na sasa nazijua mashine.

Nilimpelekea Brandon ile picha ambayo haijaguswa. Leza ilimharibu Kahaso kabisa, ikamtia mabaka, shavu likaunganika na shingo. Riboni ilijitahidi, lakini kivulini ilichoka: nywele, leso nyeusi na sikio vikawa kitu kimoja. Kisha ya wino ikaanza mwendo wake wa kobe. Nilipika chai, nikainywa. Ikatoka kahawia baada ya kahawia, ya paji si ya shavu, ya shavu si ya kidevu, hadi ile mikunjo miwili kando ya mdomo ambayo kompyuta ilikuwa inamfutia.

Jambo moja sikulijua miaka yote hii. Uso uliopaushwa hutoka sawa kwenye mashine yoyote, hata ya barua na risiti. Ndiyo maana niliweza kuchagua printa kwa rangi ya meza.

Nimempigia Clifford kwamba nachukua ya wino.

"Mama Cindy, na unyevu je? Wewe mwenyewe ulilalamika."

"Nitaanika," nikamwambia.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua nyembamba. Picha inakauka kwenye kamba. Ninamwogopa Kahaso kuliko ninavyomwogopa Thoya. Yule bibi harusi naye alikuwa mweusi wa kung'aa namna hii.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeipeleka mwenyewe Mikindani, imefungwa kwa nailoni mbili. Ni nyumba ya vyumba viwili, na kiti cha mzee kimekaa kuelekea ukuta mtupu. Msumari ulikuwa umekwisha kupigiliwa. Nilipouona msumari ule nilijua tangu Aprili wamekuwa wakiishi nao hivyo, bila kitu.

Kabla sijafungua nailoni nilimwomba Thoya msamaha kwa neno la siku ile. Nikamwambia macho yake hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa mkononi mwangu, na nikaeleza lote hadi habari ya bibi harusi. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Hata kreni," akasema, "mtu hulaumu kamba kwanza."

Kahaso ndiye aliyeiona kabla. Akaishika, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya mdomo.

"Umenitoa kama nilivyo," akasema. Sikuweza kujua kama ananishukuru au ananisuta, na nadhani yeye pia hakujua.

Nikaitundika. Thoya akakaa kwenye kiti chake. Safari hii hakusogeza kichwa kushoto wala kulia. Alitulia moja kwa moja, mikono juu ya magoti, mvua ikigonga mabati.

"Ndiye," akasema.

Aliendelea kutazama. Mimi nilijishughulisha na kukunja nailoni.

Kahaso alimtazama mumewe, akaitazama picha, akainuka. "Ngoja niweke chai," akasema. Hakuna aliyemwambia keti. Akafika mlango wa jikoni akasimama, akageuka. Thoya hakuwa amejua kwamba ameinuka. Alikuwa na mke mbele yake, ametulia, hana haraka ya kwenda popote.

Kahaso akarudi. Akavuta kigoda, akakiweka chini ya picha ile, akaketi kumkabili mumewe, magoti yakakaribia kugusana. Akaishusha leso kutoka mdomoni na kuiweka mapajani.

"Baba," akasema, "mimi mwenyewe nipo. Nitazame."

Mzee akateremsha macho taratibu kutoka ukutani hadi yakamfikia. Niliona vidole vya Kahaso vimeshika kigoda kwa nguvu, lakini hakuinuka.

Niliaga mara mbili, sikujibiwa. Nikachukua mwavuli, nikarudishia mlango.